Jalada Lililogoma Kufutika

6 Januari

Shangazi yangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, maana kila aliyeniona na kalamu amesema "msalimie," hata jirani asiyekufahamu. Baba hajambo. Bado anatengeneza saa za watu, na ya kwake mwenyewe imesimama saa nne na robo tangu mwaka jana. Mgongo unamsumbua wakati wa kuinuka, akishainuka anausahau. Kishindo ametimiza miaka mitatu na sasa hakuna kilichofungwa asichokifungua: mikebe, kabati, begi la mgeni. Juzi nimemkuta amevaa viatu vya babu yake, ameitia saa ya mteja kwenye kikombe cha chai. Namuuliza unafanya nini, ananijibu, "Inaoga." Baba alicheka mpaka mgongo ukamkumbuka.

Binamu na mkewe wasalimie sana. Najua huko kwenu simu inashika pale kwenye tangi la maji tu, na hata ingeshika chumbani kwako ungeniambia maneno ya simu hayana nakala. Kwa hiyo naandika.

Shangazi, nimepata kazi. Yaani sijaipata kabisa, lakini imenigeuzia uso. Unajua nipo kwa Mama Karatasi, napiga chapa na kutoa kopi. Sasa yule Sista anayesimamia zahanati alikuja na fomu zake, akanitazama ninavyoingiza karatasi kwenye mashine, akaniuliza kama naweza kuingiza kadi zote za zamani za wagonjwa zikakaa kwenye kompyuta. Ni makabati manne, na mchwa wameshaanza la pili. Kazi ya miezi mitano. Mama Karatasi amekubali mashine yake itumike asubuhi. Sharti la Sista ni moja tu: niwe na mahali pangu pa kuhifadhia, patupu kabisa, pasipo na kitu kingine hata kimoja, kwa kuwa ni siri za watu. Tunaanza tarehe mosi Aprili. Nisipokuwa tayari, atampa dada wa duka la pili, mwenye vifaa vyote na kucha ndefu.

Nikamwambia mahali ninapo. Nilikuwa naiwaza ile diski ya nje uliyonipa siku unahama, nyeusi, nene kama kipande cha sabuni ya kufulia. Uliniambia, "Futa vyote uanze upya, usihangaike kufungua." Basi nimefuta. Vingi vimekubali. Lakini iko folda moja imegoma. Nikiifuta, kompyuta inasema faili halionekani. Halipo. Na mimi nalitazama. Ni sawa na mtu akujibu mwenyewe dirishani kwamba hayupo.

Wewe uliyekaa ofisi ya shule miaka ishirini na saba, nifanyeje?

Mwanao,
Mama Kishindo

Nilisahau. Barua yako ya mwisho ilinichekesha. Umeandika kwa mkono na bado umeweka zile herufi zako mbili ndogo chini kushoto. Nani mwingine angekuwa ameiandika?


21 Januari

Kwa Binti wa Kaka,

YAH: FAILI KUGOMA KUFUTIKA

Tafadhali rejea barua yako ya tarehe 6 mwezi huu. Imenifikia tarehe 17 ikiwa na alama ya kidole chenye asali kwenye kona, ambayo nimeichukulia kuwa ni saini ya Kishindo. Imepokelewa na kuingizwa jaladani.

Sisi hapa wazima. Binamu yako amenenepa, ila mkewe anasisitiza amepungua, na mimi siingilii ndoa ya watu. Nafuga kuku sita. Nimewapa namba. Namba tatu ana kiburi. Mwambie kaka yangu atengeneze saa yake kwanza, fundi hatembei na aibu yake mkononi.

Tuje kwenye kazi. Funga kila kilicho wazi kwenye hiyo kompyuta, kwa sababu faili likiwa limeshikwa na programu nyingine halikubali kufutwa. Huwezi kumnyang'anya mtu kikombe akiwa anakinywea. Likikataa, itoe diski kwa adabu, usiichomoe kama unang'oa jino, kisha uirudishe na ujaribu kabla hujagusa kingine. Likikataa tena, bonyeza upande wa kulia wa kipanya, utafute palipoandikwa kuwa faili ni la kusoma tu, na uiondoe alama ya tiki iliyowekwa hapo.

Lakini usifungue. Humo mna makaratasi ya ofisi: mahudhurio, ratiba za mitihani, hesabu ya chaki. Hayana faida kwako. Futa tu.

Kuhusu herufi mbili, hiyo ni desturi ya kazi. Barua anaisaini mkubwa, lakini aliyeipiga chapa naye lazima ajulikane, ili kosa likitokea asisingiziwe mwingine. Nilifundishwa hivyo nikiwa na umri wako, na siwezi kuacha sasa kwa kuwa nimebaki na kuku.

Nimefurahi kuhusu hiyo kazi kuliko inavyowezekana kuandikwa kiofisi.

Shangazi yako
z.k.
Nakala: jalada


3 Februari

Shangazi yangu,

Barua yako imefika, imesomwa kwa sauti, na Baba ameitengeneza saa yake siku hiyo hiyo. Inakwenda mbele dakika kumi. Anasema ni ya watu wenye haraka. Kishindo anauliza kuku namba tatu amefanya nini. Naomba maelezo.

Shangazi, nimefunga kila kitu. Nimeitoa diski kwa adabu, karibu niipigie magoti. Nimeondoa tiki. Folda imekaa vile vile, kama mgeni aliyeambiwa chakula kinakuja.

Ila nimeona jambo. Kwa kuwa inagoma nimekuwa nikiitazama sana, nikasoma jina lake. Folda ya nje inaitwa "Majalada yote ya ofisi ya shule tangu nilipokabidhiwa kompyuta hadi siku ya kustaafu yakiwa yamepangwa kwa mwaka na kwa aina." Ndani yake kuna nyingine, "Barua zilizotoka na barua zilizokusudiwa kutoka lakini kwa sababu mbalimbali hazikutoka." Shangazi, hayo ni majina au hotuba? Mama Karatasi alipoyasoma aliomba kiti.

Najua utasema jalada lisilojieleza ni mtoto asiye na kwao. Ulikuwa unaniambia hivyo nikija ofisini kwako kusubiri mvua ipite, unanipa stuli na biskuti, nakutazama unavyopiga chapa bila kuangalia vidole.

Sikufungua faili lolote. Lakini jina la folda mtu hawezi kulifumbia macho, na ya ndani zaidi inaanza na maneno "Mambo ya binti wa kaka yangu." Kaka unaye mmoja. Na huyo kaka ana binti mmoja.

Nimebakiwa na wiki nane. Jana Sista alipita dukani kununua bahasha, akauliza, "Pameshakuwa patupu?" Nikamjibu panaelekea.

Mwanao,
Mama Kishindo


20 Februari

Kwa Binti wa Kaka,

YAH: DISKI

Mwite fundi aifomati diski yote. Kwa njia hiyo hakuna faili linalobaki, liwe na jina refu au fupi. Kama umeweka picha za mtoto humo, zihamishie kwanza kwenye kompyuta ya dukani. Ni kazi ya dakika tano.

Usipoteze kazi kwa ajili ya makaratasi ya kizamani.

Msalimie kaka.

z.k.
Nakala: hakuna


8 Machi

Shangazi yangu,

Baba hajambo, Kishindo hajambo, mimi sijambo. Barua yako ya mwisho haikuwa na kuku hata mmoja. Nimeigeuza nyuma nikidhani wako huko.

Nilimwita fundi kama ulivyosema. Ni yule tunayemwita Fundi Nyaya, wa pembeni ya kinyozi. Nilihamisha picha za Kishindo, fundi akakaa, akafika pale pa mwisho, kidole juu ya kitufe. Nikamwambia, "Ngoja."

"Ningoje nini?"

"Nataka kujua kwa nini imegoma. Isije kugoma tena katikati ya kadi za watu."

Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Akanitazama, akasogeza kiti, akayasoma yale majina yako mpaka mwisho, midomo inachezacheza. Halafu akacheka. Akasema faili halijulikani kwa jina lake peke yake. Kompyuta inalihesabu pamoja na majina ya folda zote lililomo, kama mtu anayeitwa kwa jina lake, la baba yake, la babu yake, mpaka kwenye ukoo. Na kompyuta hizi za zamani zina kikomo. Jina likizidi hapo, inaliona lakini haiwezi kulitamka mpaka mwisho. Ndiyo maana inasema halipo. "Huyu aliyeandika," akasema, "aliogopa nini, kusahauliwa?"

Dawa yake ni kuanzia nje, unalifupisha jina la kila folda linakuwa herufi moja, unaingia ndani, unafupisha nyingine. Ile hotuba ya kwanza nikaiita A. Ya pili nikaiita B. Nikaenda hivyo mpaka H, fundi akachoka akaniachia mwenyewe. Mwisho kabisa nikakuta mafaili manane, na kila moja nililazimika kulisoma jina ili nilifupishe. Moja linaitwa "Barua ya kumwondoa shule binti wa kaka yangu kwa sababu ya ujauzito, imesainiwa na mkuu wa shule, imepigwa chapa na mimi."

Shangazi, hilo nalijua. Nimelijua miaka minne.

Siku ile getini walinipa bahasha, niliifungua hapo hapo, na macho yangu yalikwenda chini kushoto kabla ya kusoma kilichoandikwa juu. Nilizizoea mno herufi zako. Nilikasirika, sikufichi. Nilikasirika kama miezi mitano. Halafu Kishindo akazaliwa, ukaja na nepi kumi na mbili, kila moja umeidarizi namba kwa uzi mwekundu, moja hadi kumi na mbili, ukanieleza nizitumie kwa zamu ili zichakae sawa. Nikamtazama mama mmoja mzima anavyoninyooshea nepi namba saba huku hathubutu kunitazama machoni. Nikajiambia, huyu hata radhi anaiomba kwa namba. Ikaisha hapo. Sikusema kwa sababu nilidhani hujui kwamba najua, na nikaona utaumia.

Lakini yale mengine saba sikuyajua. "Barua ya kuomba binti wa kaka yangu arudishwe darasani akishajifungua, rasimu ya kwanza." Ya pili. Mpaka "rasimu ya saba ambayo mkuu wa shule amekataa kuisaini akisema nisimletee tena karatasi hiyo." Saba, Shangazi. Niliyasoma yote, nikalia kidogo juu ya kibodi, Mama Karatasi akaja kufuta kibodi kwanza kisha mimi.

Sasa nina ombi. Sista amesema makabati yakiisha atahitaji mtu wa kukaa masjala moja kwa moja, ila lazima awe amefika kidato cha nne na kufanya mtihani. Nimekwenda kwenye madarasa ya jioni. Wamenikubali, ila wanataka karatasi yenye muhuri inayoonyesha niliishia kidato gani. Ile niliyopewa mimi niliichana nikawashia jiko. Hii yako imepigwa picha kutoka kwenye nakala ya ofisi, na muhuri unaonekana vizuri. Imeandikwa pale, "mwanafunzi wa kidato cha nne, mwenye maendeleo mazuri." Nadhani hayo maneno matatu ya mwisho uliyachomeka mwenyewe.

Lakini ina herufi zako. Siwezi kuitembeza kwa watu bila wewe kukubali. Mwisho wa kujiandikisha ni tarehe 15 Aprili. Yale manane nimeyahamishia kwenye flashi ndogo ya Mama Karatasi. Diski ni tupu. Nilibonyeza kufuta mara moja tu, ikanywea kama uji wa moto uliopulizwa.

Nasubiri neno lako.

Mwanao,
Mama Kishindo


29 Machi

Shangazi,

Naandika fupi, na pengine tunapishana njiani. Hujajibu. Baba naye ananiuliza kila siku akirudi, halafu anajifanya alikuwa anauliza habari za chumvi.

Jumatano naanza kazi. Sista ameikagua diski mwenyewe, akaifungua, akakuta peupe, akasema, "Safi kama sahani ya mwenye njaa."

Kama umekasirika kwamba nilifungua, kasirika, lakini niandikie kwamba umekasirika. Hasira nayo iwe na nakala.

Mama Kishindo


27 Machi

Mwanangu,

Barua hii haina YAH wala haina kumbukumbu. Nimechana tatu kabla yake. Kuku namba nne amezitandika akatagia, kwa hiyo hazikupotea bure.

Siku ile mkuu aliniletea maelezo saa tatu asubuhi. Nilimwambia ni mtoto wa kaka yangu, ampe mwingine aandike. Mwingine hakuwepo, mashine ilikuwa moja na karani mmoja. Nikafikiri nikiikosea itacheleweshwa, pengine mpaka Ijumaa, pengine akili zake zitatulia. Nikakosea tarehe. Akairudisha. Nikakosea darasa. Akairudisha. Ya tatu nikaacha nusu ya sentensi, akasimama nyuma ya kiti changu mpaka nikamaliza. Maneno "mwenye maendeleo mazuri" hayakuwa yake. Hapo umenikamata. Mkuu alikuwa amechoka kusoma, hakuyaona.

Halafu nikafika chini kushoto. Ningeweza kuziacha zile herufi. Hakuna ambaye angegundua, na wewe usingejua kamwe. Nikaziweka. Sikutaka ulaumu mtu mwingine kwa mkono wangu.

Wewe unahesabu rasimu saba. Mimi kwa miaka minne nimekuwa nikihesabu ya nane, ambayo sikuiandika. Ndiyo maana nilitaka ile diski ifutwe bila kufunguliwa. Nilikupa ukiwa na mtoto mgongoni na nikashindwa kufuta mwenyewe, nikakuachia wewe. Huo ni woga, na hauna jina refu.

Kumbe ulijua. Unazifunga nepi zangu huku unajua. Nimekaa na barua yako hapa nje mpaka mkwe wangu akaja kuniuliza kama kuku wamekufa.

Itumie hiyo karatasi. Utoe nakala mbili, moja ubaki nayo. Wakikuuliza aliyeipiga chapa, waambie ni shangazi yako, na kwamba yuko hai, na kwamba anaweza kuitwa.

Uliyoniuliza kuhusu namba tatu: anatagia kitandani kwangu na ananitazama kama mimi ndiye mpangaji.

Shangazi yako
z.k.


18 Aprili

Shangazi yangu,

Nianze na watu ili usiseme nimesahau adabu. Baba mzima. Barua yako ilifika tarehe 9, akaisoma amesimama, mgongo haukusema kitu, kisha akatoka na kofia. Amerudi na saa ndogo ya kike, ameisafisha mwenyewe, ndiyo hiyo iliyo kwenye kifurushi. Haiendi mbele wala nyuma, anasema ya kwako imepimwa. Unamjua kaka yako. Kishindo anataka kuku namba tatu aletwe kwa posta.

Tarehe 10 nilikwenda kwenye madarasa ya jioni. Mwandikishaji ni mzee mwenye miwani mbili, moja puani, moja kichwani. Akaisoma karatasi, akaigeuza, akaisoma tena.

"Hii inasema ulifukuzwa."

"Ndiyo. Inasema nilifukuzwa kutoka kidato cha nne. Mtu hafukuzwi mahali ambapo hakufika."

Akainua ile miwani ya puani akanitazama. "Na maendeleo mazuri?"

"Yameandikwa hapo."

"Watu kwa kawaida huzichana hizi," akasema. "Nani alikutunzia?"

"Aliyeipiga chapa."

Akaangalia chini kushoto. Nadhani amewahi kuwa karani, maana aliziona mara moja, akatikisa kichwa polepole, akachukua muhuri. Nimeandikishwa, Shangazi. Namba yangu ni mia moja na sita. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Baba atakuwa na Kishindo jioni hizo, na saa za wateja zitawekwa juu ya kabati.

Kazini tumemaliza kabati la mchwa kwanza, ili tuwawahi. Kadi nyingine zimeliwa jina zikabaki tarehe, nyingine zimeliwa tarehe zikabaki jina, hizo naziandika kwenye orodha ya pembeni. Mwisho wa kila orodha, chini kushoto, naweka herufi zangu mbili ndogo. Sista aliuliza ni za nini. Nikamwambia kosa likitokea nijulikane. Amesema dada wa duka la pili hakuwahi kumwambia hivyo.

Jambo la mwisho. Zile rasimu saba na ile barua ziko kwenye flashi, Mama Karatasi amenipa iwe yangu. Nimeongeza faili la tisa, fomu yangu ya kuandikishwa yenye muhuri. Nimelitengenezea folda ndani ya folda, nikaanza kuyaandika majina ya ndani nikatoka nje, kama nadhani ulivyofanya wewe. La nje linaitwa "Mambo ya binti wa kaka yake na shangazi yake tangu siku ya stuli na biskuti hadi siku aliporudi darasani akiwa na mtoto wa miaka mitatu na namba mia moja na sita." Linaendelea, ila karatasi inaniishia.

Fundi Nyaya alipita akaliona, akashika kichwa. "Mama Kishindo, hilo halitafutika tena."

Nikamwambia, "Ndiyo, Fundi. Ndivyo ninavyotaka."

Mwanao,
Mama Kishindo
Nakala: Shangazi